Vichwa Vitatu, Jibu Moja

Katika mambo yanayowagawa walimu na wazazi wa zama hizi, ni machache yaliyozua mabishano makali kama simu ya mkononi, ambayo machoni pa mwalimu wa nidhamu ni adui wa kusakwa chini ya magodoro ya bweni, na kinywani mwa mwenye kuiuza ni maktaba, maabara na mwalimu vilivyokusanywa katika kiganja cha mtoto. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuizuia katika shule za msingi na za kati. Tanzania, mwanafunzi wa sekondari anayekutwa nayo shuleni huiaga kwa muda mrefu, na pengine huiaga shule yenyewe. Na shirika la UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu, liliziusia serikali za dunia zisikiingize chombo darasani ila pale ambapo faida yake kwa mwanafunzi imekuwa bayana. Sina ugomvi na tahadhari hiyo. Ninachokiona ni kwamba wanaoilaani simu na wanaoisifu wamekubaliana bila kujua katika jambo moja, nalo ni kuidhania kuwa kitu cha mtu mmoja, aliyeinama peke yake, uso umemulikwa na kioo, akisoma au akipoteza wakati. Ilhali katika ilmu za sayansi manufaa yake makubwa yameonekana pale ilipofanywa kuwa sababu ya watu kuinua nyuso zao na kusemezana.

Mfano ulio bora umetoka mbali, Santiago, mji mkuu wa Chile, ambako mwanzoni mwa karne hii Miguel Nussbaum, profesa wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, na Gustavo Zurita aliyekuwa akifanya utafiti pamoja naye, waliwatazama kwanza watoto wakifanya kazi ya vikundi kwa vifaa vya kawaida, bila mashine yoyote, wakaandika mapungufu ya utaratibu, ya mawasiliano na ya kufikia mapatano waliyoyaona. Kila mwalimu aliyepata kuliambia darasa likae vikundi vikundi anayajua mapungufu hayo hata kama hajayaandika popote: mmoja anafanya kazi, wa pili anatazama dirishani, wa tatu ananakili, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye jibu, na mwalimu, akiwa na vikundi kumi na vitano na miguu miwili, hawezi kujua nani amekwama wapi. Baada ya kuyatazama hayo ndipo watafiti wale walipotafuta chombo, wakachukua kompyuta ndogo za kushika mkononi zilizokuwa maarufu kabla ya simujanja kuenea, zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa mawimbi ya redio, wakaanza na watoto wadogo katika kusoma na kuhesabu, na baadaye utaratibu ule ukapanda hadi sekondari, katika fizikia.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kiasi cha kustaajabisha. Wanafunzi hugawanywa watatu watatu, na aghalabu mashine ndiyo inayowagawa kwa bahati, ili marafiki wasikimbiliane na wanyonge wasiachwe pembeni. Kila mmoja hupata kifaa chake, na katika vifaa vyote vitatu hutokea swali lilelile, lenye majibu kadhaa ya kuchagua. Kila mmoja huchagua. Iwapo chaguo zao zimetofautiana, mashine haiwaambii nani amepata na nani amekosa, wala haitoi dokezo lolote. Huwaambia tu kwamba hawajakubaliana, na kwamba hawataendelea mpaka wakubaliane. Wakikubaliana juu ya jibu lisilo sahihi, hujulishwa kwamba silo, wakarudi kuanza upya. Mwalimu naye ana kifaa chake, chenye jedwali la vikundi na maswali, na kila kisanduku cha jedwali hilo hubadilika rangi kadiri kikundi kinavyopata au kukosa, hata akiona safu nzima imekuwa nyekundu katika swali la nne hujua kwamba kosa si la kikundi bali ni la somo lake mwenyewe, naye hulisimamisha darasa akaeleza upya.

Msomaji atatambua kwamba sehemu kubwa ya uhodari wa chombo hiki imo katika kunyamaza kwake. Mashine iliyo na uwezo wa kutoa jibu mara moja imefundishwa kulizuia, na mashine iliyoweza kumruhusu mwanafunzi hodari akimbie mbele imemfunga pamoja na wenziwe wawili, hata asiweze kupiga hatua ila kwa kuwashawishi kwa hoja. Hapa ndipo penye tofauti kati ya programu hii na nyingi za zile zinazouzwa leo kwa jina la elimu, ambazo huharakia kumpongeza mtoto kwa nyota na muziki kabla hajajua amefanya nini.

Tuchukue swali moja tulione likifanya kazi. Jiwe limerushwa juu wima, nalo limefika kileleni, pale ambapo kwa kufumba na kufumbua halipandi wala halishuki. Je, pale kileleni jiwe lina kani gani juu yake: halina kani yoyote, lina kani ya mkono uliolirusha, au lina kani ya mvutano wa ardhi peke yake?

"Limesimama, kwa hiyo hakuna kani," asema wa kwanza.

"Sasa ndugu yangu, kama hakuna kani si lingebaki hukohuko juu?" ajibu wa pili.

"Nguvu ya mkono imekwisha, ndiyo maana linarudi," asema wa tatu. "Mwanzo ilikuwa nyingi, ikawa inapungua, inapungua, mpaka basi."

"Mkono uko huku chini, umeshaliachia zamani. Utalisukumaje?"

Hapo hufuata kimya, na kimya hicho ni sehemu ya somo. Mvutano wa ardhi haukuliacha jiwe hata kwa nukta moja, wala wakati wa kupanda, wala kileleni, wala wakati wa kushuka; na tukiuweka kando upinzani wa hewa, ndiyo kani pekee iliyokuwapo tangu mkono ulipoliachia. Walakini yule mwanafunzi wa tatu asichekwe, maana Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye hakuna awezaye kumwita mjinga, alifundisha kwamba mtupaji hukiachia kitu alichokitupa msukumo unaokaa ndani yake. Fikira ambayo mwanafalsafa mkubwa aliishikilia haitoki kichwani mwa mtoto wa kidato cha tatu kwa kuandikiwa kanuni ubaoni. Hutoka inapokutana uso kwa uso na swali la mwenzake asilo na jawabu lake.

Burhani ya jambo hili haikutoka Chile peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia aliyekuwa akisifiwa na wanafunzi wake, alisoma makala za wenziwe wa Arizona walioonyesha kwamba wanafunzi wengi hufaulu mitihani ya hesabu za mwendo huku wakibaki na dhana zilezile walizoingia nazo darasani. Akawapa wanafunzi wake mtihani wa watafiti hao, wa maswali mepesi yasiyo na hesabu, na mmoja wao akamwuliza ajibu vipi, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Tangu mwaka 1991 Mazur alibadili mtindo: akawa anatoa swali, wanafunzi wanapiga kura kila mtu peke yake, wanageukiana na kubishana kwa dakika chache, kisha wanapiga kura tena. Kura hizo mwanzoni ziliweza kupigwa kwa kuinua mikono au kadi, baadaye zikapigwa kwa vifaa vya mkononi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, waliokuwa wakisomesha elimu ya urithi wa viumbe, walichapisha katika jarida la Science matokeo ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko yote: waligundua kwamba mazungumzo ya namna hiyo huwasaidia wanafunzi hata katika vikundi ambavyo hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu sahihi hapo mwanzo. Kwa hiyo si kweli kwamba kikundi ni njia tu ya mjuzi kumgawia asiyejua. Wasiojua watatu, wakilazimishwa kutoa sababu, waweza kufika mahali ambapo hakuna hata mmoja wao angefika akiwa peke yake.

Upo upande wa pili wa jambo hili, unaohusu kupima kuliko kuchagua majibu. Simujanja ya leo, hata ya bei nafuu, ina ndani yake vipimo ambavyo maabara nyingi za sekondari hazikupata kuvimiliki: kipaza sauti chenye kusikia vishindo, kihisi cha mchapuko, aghalabu kihisi cha sumaku na cha mwanga, na katika baadhi ya simu hata kipimo cha kanieneo ya hewa. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha RWTH cha mji wa Aachen, Ujerumani, kilitoa bure programu iitwayo phyphox, ambayo huvifungua vihisi hivyo na kuvifanya zana za maabara. Na ikiisha kuwekwa katika simu, majaribio yake mengi hayahitaji bando wala mnara.

Katika majaribio yote yanayowezekana humo, ninalolipenda zaidi ni la kupima kasi ya sauti, kwa kuwa mtu mmoja mwenye simu moja halifanyi kwa njia hii hata akitaka. Wanafunzi wawili husimama mbalimbali kwa umbali wa mita 5 uliopimwa kwa utepe, kila mmoja na simu mbele yake, na simu zote mbili zimewekwa ziwe saa inayoanza kuhesabu isikiapo kishindo cha kwanza na kusimama isikiapo cha pili. Wa kwanza hupiga kofi karibu na simu yake: saa yake huanza papo hapo, na ya mwenzake huchelewa kwa muda ule ambao sauti imeutumia kuvuka mita 5. Kisha wa pili hupiga kofi: saa yake husimama papo hapo, na ile ya kwanza ndiyo inayochelewa sasa. Basi saa moja imewahi kuanza na imechelewa kusimama, nyingine imechelewa kuanza na imewahi kusimama, na tofauti ya nambari zao mbili ni muda wa sauti kwenda na kurudi, yaani kukata mita 10. Katika joto la nyuzi 30, ambalo ni joto la kawaida la adhuhuri ya Tanga au Mombasa, sauti hukata mita 349 hivi kwa sekunde, hivyo tofauti itakayosomwa ni karibu sekunde 0.029. Hakuna haja ya kulinganisha saa za simu, hakuna haja ya umbali wa mlima na mlima kama katika majaribio ya zamani ya mizinga, ila kuna haja ya wawili kusomeana nambari, wa tatu kuandika na kutoa, na wa nne kuuliza kwa nini mara hii imekuja 0.031. Na kuna haja ya darasa zima kunyamaza, maana kikohozi kimoja huianzisha saa kabla ya kofi. Sijui jaribio jingine la fizikia linalowafanya wanafunzi hamsini wanyamazishane wenyewe bila mwalimu kufungua kinywa.

Penye simu moja tu, lipo la timazi. Simu hutiwa katika soksi, soksi hufungwa kamba, kamba hufungwa darini, nayo hupembea ikijihesabia muda wake. Kabla ya kuiachia, kila kikundi huandika utabiri wake: kamba ikiongezwa urefu mara nne, muda utaongezeka mara ngapi? Walio wengi husema mara nne. Kwa urefu wa sentimita 25 muda wa kwenda na kurudi ni sekunde 1, na kwa mita 1 ni sekunde 2, kwa hiyo jibu ni mara mbili. Na wale walioandika nne, wakijua kwamba maandishi yao yapo mezani mbele ya wenzao, huwa na hamu kubwa ya kujua sababu.

Katika biolojia mfano mashuhuri ni wa Vanessa Colella wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye mwishoni mwa karne iliyopita aliwavalisha wanafunzi wa sekondari beji zilizokuwa kompyuta ndogo zenye kuwasiliana zinapokaribiana. Ndani ya beji moja kulifichwa kirusi cha kubuni, wanafunzi wakazunguka wakikutana, na baada ya muda taa nyekundu zikaanza kuwaka vifuani mwa baadhi yao, na wote kwa pamoja wakalazimika kutafuta kanuni za ugonjwa ule: ulianzia kwa nani, hukaa muda gani bila dalili, na kwa nini wapo waliokutana na wagonjwa wasiugue. Nautaja mfano huu nikijua kwamba beji hizo hatuna. Ila mwalimu wa kemia yeyote anaweza kuufanya mchezo wa jamii hiyo kwa vikombe vya maji, kimoja kikiwa na hidroksidi ya sodiamu kidogo, wanafunzi wakachanganyiana vikombe mara tatu, kisha wakadondoshewa fenoftalini ili maji ya walioambukizwa yageuke rangi ya waridi. Chombo hutofautiana, kazi ya akili ni ileile.

Mintarafu ya nchi zetu, jambo la kwanza la kusemwa kwa insafu ni kwamba katazo la simu kwa wanafunzi halizuii majaribio haya ya kupima kwa simu moja au mbili, kwa kuwa simu ya mwalimu ipo mfukoni mwake, na mbili au tatu za walimu wenzake zipo chumba cha pili. Tanzania ilikwisha kulionja jambo hili hapo nyuma katika mradi wa Elimu kwa Teknolojia, ambamo walimu wa shule za msingi walipata masomo ya video kwa njia ya simu na kuyaonyesha katika televisheni darasani. Hata hivyo, humo mwanafunzi alibaki kuwa mtazamaji. Wakati wa Rais Jakaya Kikwete shule za sekondari za kata ziliagizwa zijenge maabara tatu tatu, za fizikia, kemia na biolojia, na wananchi wakachangishwa. Kuta zikasimama, lakini ukuta haupimi kitu, na mahali pengi vifaa vilivyotarajiwa kuingia humo vimekuwa haba. Simu haiwezi kuwa chupa za kemia wala hadubini, na asemaye kwamba inaweza anadanganya. Lakini katika sauti, mwendo na sumaku yatosha kabisa.

Jambo la pili ni lugha, na hapa watafiti wa Santiago hawakuwa na tatizo letu, maana watoto wao walisoma swali kwa Kihispania na wakabishana kwa Kihispania. Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania huandikiwa swali kwa Kiingereza, na akikaa kwenye diskasheni na wenziwe hubishana kwa Kiswahili, kisha jibu hulirudisha katika Kiingereza. Wapo walimu wanaoukataza ubishi huo wa Kiswahili kwa kudhani wanamsaidia mtoto, na natija yake ni kikundi kinachokaa kimya kwa adabu. Mimi naona kinyume: palipo na hoja, iachwe ijengwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kugombana nayo, na Kiingereza kije mwishoni, kikundi kinapoandika sentensi yake ya pamoja. Istilahi zipo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990.

Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, magrupu ya WhatsApp ya masomo yalienea haraka, na hadi leo wazazi wengi wakisikia habari ya kujifunza kwa simu kwa pamoja hukumbuka hayo. Nayo yana faida yake, ya kupashana mitihani iliyopita na kutafuta kitabu kilichoadimika. Lakini grupu la watu mia ni soko, kila mtu amebeba bidhaa yake na hakuna anayelazimika kumsikiliza jirani. Jibu lililotumwa likiwa limekwisha kukokotolewa hunakiliwa, na aliyelinakili hajui kama angeweza kulipinga.

Ila hata katika kikundi kidogo cha watu watatu, simu ina maradhi yake. Ikiwa ni moja, anayeishika ndiye anayetawala, na katika madarasa ya mchanganyiko mara nyingi anayeishika ni mvulana, na msichana huwa katibu wa kuandika nambari alizosomewa. Kwa hiyo ishikwe kwa zamu, na mwalimu asimwulize jibu yule aliyeishika bali yule aliyekaa mbali nayo. Mpole naye huweza kukubali jibu ili tu mashine iwaachie waendelee. Dawa ninayoiona ya hilo ni mwalimu kumchagua mmoja wa watatu bila taarifa, asimame aeleze sababu za kikundi, na alama yake iwe ya wote.

Lililo zito kuliko yote ni wakati. Swali la lile jiwe, ambalo mwalimu angelijibu ubaoni kwa dakika mbili, laweza kula robo saa katika kikundi, na kipindi ni dakika 40, na muhtasari wa masomo haungoji mtu, na mtihani wa taifa una tarehe yake. Mwalimu anayejaribu kuyapeleka masomo yote kwenye mabishano ya watatu watatu hatamaliza mada za mwaka, naye atalaumiwa kwa haki. Alama za elementi, majina ya mifupa na kanuni za usalama wa maabara mwanafunzi atajifunza peke yake na daftari lake, wala hakuna hasara. Muda wa mabishano na uwekewe kani na mwendo, joto na halijoto, mkondo wa umeme, mole na urithi wa viumbe, ambako karibu kila mtoto huja darasani na maelezo yake mwenyewe kutoka nyumbani, na kwa mada za namna hiyo vipindi viwili vilivyounganishwa, vya dakika 80, si vingi.